Vifaranga Waliotandikiwa Bitana

Maridadi alikuwa na utaratibu wake akirudi kutoka shule, na ole wake mtu aliyejaribu kuuvuruga. Kwanza alivua viatu mlangoni, akavipanga vikitazama ukuta. Kisha alivua sare, akaikung'uta na kuitundika. Akishanawa na kula, aliingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo za wateja, akaanza kuokota yaliyoanguka chini ya cherehani: nyuzi, vifungo, pini, na vipande vya vitambaa ambavyo alivitenga kwa rangi zake. Hakuweza kufungua daftari la hesabu mpaka sakafu iwe safi. Jina hilo la Maridadi alipewa na babu yake siku alipogoma kwenda kliniki, akiwa bado mdogo kabisa, eti kwa sababu soksi zake hazikufanana. Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka kumwita kwa jina lake la shuleni.

Mwaka huo akaingiwa na hamu ya kufuga kware. Hamu hiyo aliipata kwa mama yake mdogo, yule mdogo wake mama aliyekaa upande wa pili wa mji. Mama mdogo na mumewe walikuwa na banda la kware nyuma ya nyumba, na chumba kidogo chenye mashine ya kutotolesha mayai. Likizo nzima Maridadi alikuwa akimganda. Nipe wawili tu, mama mdogo. Nipe hata mmoja. Mama mdogo alicheka, akasema kware si wanasesere, ukimchoka humrudishi kabatini. Lakini mtoto aling'ang'ania mpaka likizo ikaisha, na Jumamosi moja mama mdogo alibisha hodi akiwa amekumbatia katoni iliyotobolewa matundu.

Ndani ya katoni mlikuwa na vifaranga dazeni moja, wametoka kwenye mayai juzi tu. Walikuwa wadogo mno. Kila mmoja alienea kiganjani mwa Maridadi na nafasi ikabaki, manyoya ya njano yana michirizi ya kahawia mgongoni, na sauti zao zilikuwa kubwa kuliko wao.

"Sikiliza vizuri, maana sirudii," alisema mama mdogo, naye akarudia kila kitu mara mbili. "Hii balbu ndiyo mama yao. Wakijazana chini yake wanapandana, ujue wanaona baridi, ishushe. Wakikimbilia pembeni wameachama midomo, wanaona joto, ipandishe. Maji weka kwenye kifuniko hiki, na hizi kokoto zisitoke humo, la sivyo watazama. Chakula kitwange kiwe laini. Ukiwashika, nawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Na hili hapa," akatoa kipande cha gunia alichokikunja kwapani, "ndilo tandiko lao. Likichafuka, weka jingine kama hili hili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama mdogo."

Mama mtu hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Shule zilikuwa ndiyo zimefunguliwa, wazazi walikuwa wamejaa mlangoni wakidai sare za watoto wao, na yeye alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni.

Maridadi alifuata kila alichoambiwa. Alitundika balbu, akatwanga chakula, akaosha zile kokoto moja moja. Ila lile gunia lilimkera. Lilikuwa jeusijeusi, lina nywelenywele, linanuka ghala. Aliligeuza huku, akaligeuza huko, akaona pande zote mbili ni mbaya. Atawezaje kuwalaza viumbe wazuri namna hii juu ya kitu kama hicho? Kwenye kikapu cha mabaki palikuwa na kipande cha bitana ya rangi ya waridi, ile laini inayoshonewa ndani ya makoti, inayong'aa hata kukiwa na giza. Mama mdogo hajapinda hata kona ya barabara, tayari gunia lilikuwa limesukumwa nyuma ya kabati. Bitana ilikatwa kwa mkasi, kingo zikanyooshwa, ikatandikwa katonini bila kunjo hata moja.

Mama yake aliiona jioni alipokuja kuchungulia. "Hee! Hiyo si bitana ya koti la mwalimu mkuu?"

"Ni mabaki yake, mama."

"Haya. Mwalimu mkuu asije akasikia kwamba anavaa kitambaa kimoja na ndege." Akarudi kwenye cherehani akicheka peke yake.

Binti wa kinyozi, jirani yao na mwenzake Maridadi darasani, alipoletwa kuona alishika mashavu. "We! Hata mimi silalii kitu kama hiki!" Maridadi alivimba kichwa siku hiyo, asikwambie mtu. Babu naye, aliyekuwa dereva wa lori zamani na sasa kazi yake ni kukaa kibarazani na kutania wapita njia, alilalamika kwamba nyumba imeingiliwa na wapangaji wasiolipa kodi na wanaopiga kelele kuliko wenye nyumba.

Raha hiyo haikudumu. Siku chache baadaye Maridadi alirudi shule, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kuwatazama wanawe kabla hata ya kuvua sare. Kifaranga mmoja alikuwa amelala kifudifudi mbali na wenzake. Miguu yake ilikuwa imetanuka, mmoja kushoto mmoja kulia, kama mkasi uliofunguliwa. Alimwinua akamsimamisha. Ile kumwachia tu, miguu ikaenda kila mmoja na njia yake, kifaranga akaanguka tena kwa tumbo. Alikuwa akilia, na chakula kilikuwa hatua moja tu mbele yake lakini hakuweza kukifikia.

Maridadi alimlisha kwa mkono. Alijiambia ameumia kidogo tu, kesho atapona. Kesho yake walikuwa wanne. Hapo moyo ulimlipuka. Alisimama katikati ya chumba, kifaranga mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Mama! Njoo uone, wanakufa!"

Mama yake alikuwa mlangoni na furushi la sare kichwani, anazipeleka kwa wenyewe. Alilitua, akaja, akatazama, uso ukambadilika. "Mimi mambo ya ndege siyajui, mwanangu. Chukua simu, mpigie mama yako mdogo sasa hivi, umweleze kila kitu. Mimi nikichelewa hawa watu watanila mbichi." Akamwachia simu, akajitwika furushi, akatoka.

Mama mdogo alipokea haraka. Maridadi alimweleza habari ya miguu, naye akaanza kumuuliza.

"Balbu ipo?"

"Ipo."

"Wanajazana chini yake, au wanaikimbia?"

"Hapana, wametawanyika vizuri tu."

"Chakula ni kile kile nilichokupa? Unakitwanga?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na gunia umewatandikia?"

Maridadi alitazama ile bitana ya waridi. Kusema kweli hakuona gunia linahusiana vipi na ugonjwa wa miguu. Alichokiona ni kwamba aliambiwa kitu akafanya kingine, na mama mdogo akijua atasema mtoto huyu hasikii, na pengine atakuja kuwachukua kware wake. Neno lilimtoka lenyewe. "Ndiyo, nimewatandikia."

"Mungu wangu," alisema mama mdogo, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi hapo pana jambo. Usiwaguse tena. Nakuja."

Simu ilikatika. Maridadi aliiweka mezani. Mara akakumbuka kwamba mama mdogo akifika ataikuta bitana. Hakufikiri mara mbili. Alivuta gunia kutoka nyuma ya kabati, akawahamishia vifaranga kwenye beseni, akaitoa bitana na kuisokomeza ndani ya kikapu cha mabaki, chini kabisa. Akatandika gunia, akawarudisha. Alifanya kazi hiyo upesi na kwa usafi kama alivyofanya kila kitu, lakini safari hii hakupata raha yoyote.

Mama mdogo alifika anahema. Hata maji ya kunywa aliyokaribishwa na babu hakuyataka. Alipiga magoti mbele ya katoni, akamchukua kifaranga mmoja mgonjwa, akamtazama macho, akamwangalia chini ya mkia, akaivuta miguu taratibu na kuiachia. Akanusa chakula. Akachovya kidole kwenye maji. Akapitisha kiganja juu ya gunia kutoka kona hadi kona.

"Kila kitu kiko sawa," alisema polepole. "Na hicho ndicho kinachonitisha."

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Kwa sababu kama kosa si la malezi, basi wamezaliwa nalo. Kuna ugonjwa unaopita ndani ya yai, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Nimeusikia kwa wafugaji wenzangu, sijawahi kuuona. Na wazazi wa hawa wako bandani kwangu sasa hivi, na mayai yao mengine yamejaa kwenye mashine."

Alitoa simu yake, akampigia mumewe. Maridadi aliyasikia maneno yote, maana mama mdogo hata hakusogea pembeni.

"Baba, nenda kwenye mashine. Trei ya chini, mayai yote yaliyomo yatoe. Ndiyo, yote. Najua yamebakiza siku chache. Najua, baba, najua, lakini yakianguliwa yatatuambukizia banda zima. Na wale wazazi wao watenge kwenye kile kizimba cha nje. Nikirudi..." Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Nikirudi tutajua la kufanya. Na hawa wa huku nitakuja nao, hawawezi kubaki."

Akakata simu, akaanza kukusanya vifaranga. Alimchukua mmoja wa wale wazima, aliyekuwa akirukaruka hajui lolote, akamtia kwenye kikapu alichokuja nacho.

Maridadi alitazama kile kikapu. Alifikiria trei ya chini. Kila yai mle ndani lina kiumbe kama huyu, kimeshaota manyoya, kinasubiri siku zake chache zitimie. Na baba mdogo pengine ndiyo anaingia mlangoni mwa kile chumba. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini aibu yenyewe aliona heri aibebe.

"Mama mdogo, mpigie! Mpigie asitoe!"

"Asitoe nini?"

"Mayai! Wasitoe mayai! Si ugonjwa! Nilikudanganya!" Sasa alikuwa akilia kwa sauti. "Gunia nimelitandika sasa hivi tu, ulipokuwa njiani. Tangu siku uliyowaleta walikuwa wanalala kwenye bitana. Niliona gunia baya. Ukaniuliza, nikaogopa. Mpigie, tafadhali!"

Mama mdogo alibonyeza simu. Iliita, ikaita, ikaita, na Maridadi aliuma kidole mpaka kikamuuma kweli. Hatimaye ikapokewa.

"Acha hivyo hivyo! Umeshafungua mashine? ... Umeiweka ndoo tu? ... Basi funga. Funga, baba, usiguse hata moja! Nitakueleza."

Alishusha pumzi ndefu, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele. Babu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, naye alishusha pumzi yake.

"Nenda kailete hiyo bitana," alisema mama mdogo.

Maridadi alitegemea kuchapwa nayo. Badala yake mama mdogo aliitandaza sakafuni, akamtoa yule kifaranga mzima kikapuni, akamweka juu yake. "Angalia miguu. Usiangalie kitu kingine."

Kifaranga alipiga hatua moja, mguu ukateleza kuelekea nje. Akaurudisha, mwingine nao ukateleza. Alijikaza, akatembea kwa taabu. Mama mdogo akamhamishia kwenye gunia, na hapo kucha zake ndogo zilishika zile nyuzi, akatimua mbio kama ametumwa dukani.

"Umeona? Mifupa yao bado laini na misuli haijakaza. Wakiteleza mchana kutwa, miguu inatanuka, na ikizoea kutanuka hairudi yenyewe. Lile gunia lina nywelenywele, lakini hizo ndizo zinazowapa pa kushika." Alimtazama mtoto wa dada yake. "Na mimi nina kosa langu. Nilikwambia utandike, sikukwambia kwa nini."

"Watapona?" aliuliza Maridadi kwa sauti ndogo.

"Bado wachanga. Tukiwahi, watapona. Mna plasta humu ndani, ile ya kubandika kwenye kidonda?"

Plasta ilikuwapo. Fundi wa kushona hakosi plasta, maana sindano haijui cha kidole wala cha kitambaa. Mama alirudi akawakuta wamezunguka meza yake ya kukatia. Alielezwa yote, na Maridadi mwenyewe ndiye aliyeeleza, macho yakiwa chini. Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Mimi na wewe tutaongea," alisema, kisha akaleta mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi.

Ikawa kazi ya mikono myepesi. Plasta ilitakiwa ikatwe vipande vyembamba mno, vyote sawasawa, kisha kila kimoja kifungwe kwenye miguu miwili ya kifaranga, kiache nafasi katikati kama ya mtu anayesimama kawaida. Ukikaza, damu haipiti. Ukilegeza, miguu inatanuka tena. Mama mdogo alijaribu wa kwanza, plasta ikamganda vidoleni. "Mikono yangu ni ya kubeba ndoo," alisema. "Haya, Maridadi, onyesha umaridadi wako."

Maridadi alipangusa machozi, akakata, akapima kwa jicho, akafunga. Mama yake alimshika kifaranga, mama mdogo akawa anasema sogeza, legeza, hapo hapo. Alipomaliza wote wanne aliwarudisha kwenye gunia. Walianguka mara kadhaa, wakahangaika. Halafu mmoja wao alisimama. Alisimama tu, hakwenda popote, anatikisika, lakini alikuwa amesimama.

"Huyo ana sura ya mlevi," alisema babu, na wote wakacheka, hata Maridadi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Kabla ya shule na baada ya shule aliwasimamisha wale wagonjwa mmoja mmoja karibu na chakula, akawasogeza kwenye maji, akakagua plasta kama haijabana. Plasta zilipotolewa, watatu walikimbia papo hapo kana kwamba hawajawahi kuugua. Wa nne alichechemea kidogo, akaendelea kuchechemea, lakini chakula alikuwa wa kwanza kukifikia na aliwapiga vikumbo wenzake bila huruma. Na yale maongezi ambayo mama alimwahidi yalifanyika. Hayakuwa marefu, ila Maridadi hakupenda yarudiwe.

Jioni moja ya wiki hiyo, akiwa anatwanga chakula cha vifaranga, simu ya mama yake iliita. Alikuwa mama mdogo, na alimtaka Maridadi.

"Usiseme kitu," alisema mama mdogo. "Sikiliza kwanza."

Mwanzo alisikia mngurumo wa mashine tu. Kisha akasikia mlio mmoja mwembamba, halafu mwingine, halafu milio mingi imechanganyikana mpaka haikuhesabika.

"Hiyo ni trei ya chini," mama mdogo aliendelea. "Wanatoka tangu asubuhi, wazima kabisa. Sasa nisikilize na mimi, mwanangu. Siku ile nilipokuuliza nilikuwa mbali, sina macho ya kuona katoni yako. Nilikuwa natazama kwa macho yako wewe. Uliponiambia gunia lipo, mimi nikatafuta ugonjwa usiokuwapo, na bado kidogo niwaue wazima. Kukosea tandiko si kitu, kila anayeanza hukosea, mimi mwenyewe mara ya kwanza nilizamisha nusu ya vifaranga wangu. Lakini anayekusaidia mpe ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Akiupata nusu, msaada wake unaweza kuwa sumu. Siku ile ulichelewa kuusema, lakini uliusema, na ulijua fika kwamba utaaibika. Ndiyo maana nimekupigia wewe wa kwanza. Unawasikia hao?"

Maridadi alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, simu ameikandamiza sikioni asipitwe na sauti hata moja.